Katalitiki Ikifa: Tafuta Kilichoiua Kabla ya Kununua Nyingine

Gari la petroli la miaka kumi na mitano hivi, taa ya injini imewaka, skana imetoa kodi P0420, yaani kompyuta inashuku kwamba katalitiki haisafishi moshi vya kutosha. Katika gereji nyingi za Nairobi jibu huwa moja kati ya mawili: "nunua nyingine" au "tutoe masega, gari lipumue." Majibu yote mawili yanaruka swali la kwanza. Katalitiki, ule mtungi wa kusafisha moshi ulio kwenye bomba la ekzosi, haina kitu kinachozunguka wala kusuguana ndani yake, na injini ikiwa nzima hudumu kilomita 160,000 na zaidi. Ikifa mapema, kuna kitu kilichoiua, na mara nyingi kitu hicho bado kiko kwenye injini. Ukifunga mpya leo bila kukiondoa, utarudi kwa fundi na kodi ileile.

Ndani ya ule mtungi wa chuma kuna kauri yenye maelfu ya vijitundu vilivyonyooka, ndiyo yale masega, iliyopakwa utando mwembamba wa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo, kaboni monoksaidi na mafuta yasiyoungua hugeuka kaboni dioksaidi na mvuke wa maji, na oksidi za nitrojeni hugeuka nitrojeni ya kawaida. Kazi hiyo huanza joto likifika nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi, na huenda vizuri zaidi kati ya 400 na 800. Likipita 900, chembe za madini huanza kushikana na nguvu hupungua kabisa. Likikaribia 1,400, kauri yenyewe huyeyuka na kuziba njia. Shika hizo nambari, maana karibu kila kifo cha katalitiki ni habari ya joto, masizi au sumu.

Imechoka au imeziba?

Haya ni magonjwa mawili tofauti na hayana haraka sawa. Katalitiki iliyochoka inapitisha moshi bila kuusafisha. Gari linavuta kama kawaida, matumizi ya mafuta hayaongezeki sana, ila taa inawaka na pengine harufu ya yai viza inatoka nyuma. Hapo una muda wa kuchunguza. Katalitiki iliyoziba ni dharura. Gari linakuwa zito kupanda Waiyaki Way kutoka Westlands kwenda Kangemi, unakanyaga mafuta na kasi haiongezeki, injini inapata joto, na chini ya sakafu unasikia ukali wa moto. Ukiendelea kuliendesha hivyo unaweza kuchoma vali au kuwasha waya na majani yaliyo karibu na bomba.

Dalili ya tatu ni mlio. Bomba likiwa limepoa, gonga mtungi polepole kwa ngumi au nyundo ya mpira. Ukisikia vipande vinacheza ndani, kauri imevunjika. Mtungi ukilia kama debe tupu, kuna mtu alishatoa masega zamani. Angalia upande wa juu wa mtungi, ule usioonekana kutoka chini, utaona mstari wa kuchomelea.

P0420 si hukumu

Kodi hiyo (au P0430 kwa upande wa pili wa injini za V, zenye safu mbili za silinda) inasema kitu kimoja tu: kompyuta imelinganisha sensa ya oksijeni iliyo mbele ya katalitiki na iliyo nyuma yake, ikaona zinafanana kupita kiasi. Sababu inaweza kuwa katalitiki. Inaweza pia kuwa ekzosi inayovuja au sensa ya nyuma iliyochoka.

Unahitaji skana inayoonyesha data moja kwa moja. Ile ndogo ya Bluetooth inayochomekwa chini ya dashibodi na kusomwa kwa simu inatosha kwa magari mengi ya kuanzia miaka ya 2000. Pasha injini kwa mwendo wa dakika 15, kisha gari likiwa limesimama shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika na utazame volti za sensa ya nyuma. Katalitiki nzima huifanya itulie kati ya 0.5 na 0.8. Ikiwa inapanda na kushuka bila kupumzika kati ya 0.1 na 0.9, masega hayahifadhi tena oksijeni. Usilinganishe kwa macho tu na sensa ya mbele, kwa sababu magari mengi ya Kijapani ya baadaye yana sensa ya mbele ya aina nyingine inayosomeka tofauti kabisa.

Kabla ya kuamini usomaji huo, tafuta uvujaji. Asubuhi injini ikiwa baridi, mwambie mtu aiwashe na azibe kwa kitambaa kinene sehemu ya mdomo wa ekzosi, nawe usikilize kwenye gasketi ya manifoldi (bomba linalokusanya moshi wa silinda zote), kwenye kiungio chenye springi, na kwenye kipande cha bomba kinachonyumbuka. Nyunyiza maji ya sabuni penye viungio, povu litakuonyesha. Fanya hivyo nje, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa. Doa jeusi la masizi pembeni ya gasketi ni ushahidi wa kutosha. Tundu lililo mbele ya sensa ya kwanza lina madhara yanayofuatana: hewa ya nje inaingia, sensa inadhani mafuta ni machache, kompyuta inaongeza petroli, na petroli hiyo ya ziada inakwenda kuua katalitiki ambayo ilikuwa salama.

Zikiwepo kodi nyingine, anza nazo. P0300 hadi P0304 ni kumisi, yaani silinda kutowaka. P0171 na P0172 ni mchanganyiko mbaya wa mafuta na hewa. P0141 ni hita ya sensa ya nyuma. Fundi anayefuta zote na kubaki na P0420 amekufutia ushahidi.

Kupima kama imeziba

Kipimo kizuri kuliko vyote ni geji ya presha. Fungua sensa ya oksijeni ya mbele, weka adapta ya uzi wa M18 kwa 1.5 na geji ya psi 0 hadi 15. Injini ikiwa taratibu (bila kukanyaga mafuta), presha isizidi psi 1.5. Ukishikilia 2,500, isizidi 3. Ikipita hapo kuna kizuizi, na ikifika 5 au zaidi usiendelee kuliendesha gari. Kabla ya kulaumu katalitiki, legeza kiungio cha nyuma yake na upime tena, maana silensa iliyooza ndani nayo huziba. Presha isiposhuka, kizuizi ni katalitiki.

Geji ya mvuto kwenye manifoldi ya hewa inasaidia pia, ila hapa watu wa Nairobi hukosea. Vitabu vinasema injini nzima isome inchi 17 hadi 21 za zebaki ikiwa taratibu. Hizo ni nambari za usawa wa bahari. Jiji liko mita 1,700 hivi juu yake, na kila futi 1,000 huondoa inchi moja hivi, kwa hiyo injini nzima hapa husoma karibu 12 hadi 15. Injini nyingi zimefunguliwa bure kwa sababu ya nambari ya Mombasa kutumika Nairobi. La kutazama ni mwendo wa sindano: shikilia 2,500 kwa dakika nzima, na kama mvuto unashuka polepole bila kusimama, moshi hauna pa kutokea.

Kipimajoto cha mwale kina nafasi yake, lakini usikitegemee peke yake. Baada ya mwendo, pima bomba linaloingia na linalotoka. Bomba la nyuma likiwa na joto zaidi kidogo, kazi inafanyika ndani. Zikilingana, haimaanishi imekufa, kwa sababu injini inayochoma vizuri huiachia kazi ndogo. Lakini bomba la mbele likiwa na moto mkali kuliko la nyuma kwa tofauti kubwa, shuku kuziba.

Nini kiliiua?

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi.

Kumisi ndiko kunakoua haraka zaidi. Silinda isipowaka, petroli yake mbichi pamoja na hewa hufika kwenye masega yenye moto na kuwakia humo. Joto hupita nyuzi 1,000 kwa muda mfupi. Taa ya injini inapopepesa badala ya kuwaka tu, kompyuta inakuonya juu ya jambo hilo hilo: punguza mwendo, egesha, usijaribu kufika nyumbani kwa msongamano wa Mombasa Road. Badilisha plagi zote kwa pamoja, za aina iliyoandikwa kwa injini yako, na upime pengo (mara nyingi milimita 1.0 hadi 1.1 kwa injini ndogo za Toyota za koili moja kwa kila plagi). Koili (inayoipa plagi umeme) unayoishuku hamishia silinda nyingine. Kodi ikihama nayo, umeipata. Plagi bandia ni nyingi mno mjini, na plagi bandia moja inaweza kukugharimu katalitiki nzima.

Kuna tabia moja ya gereji inayostahili kukomeshwa: kuchomoa koili moja baada ya nyingine injini ikinguruma ili kutafuta silinda mbovu. Kila sekunde ya hapo ni petroli mbichi ndani ya ekzosi. Mwambie fundi achomoe plagi ya umeme ya injekta badala ya koili. Silinda itazimika vilevile, lakini bila kumwaga mafuta. Kusukuma gari lililokataa kuwaka nako kunaleta madhara hayo hayo.

Muuaji wa pili ni wa kwetu hasa: themostati iliyotolewa. Gari lilipata joto siku moja, fundi akaitoa na kuitupa, joto likashuka, kila mtu akafurahi. Tangu siku hiyo maji yanazunguka muda wote, na katika baridi ya Julai injini haipiti nyuzi 65. Kompyuta inadhani gari bado halijapata moto, inaendelea kuongeza petroli, na masizi yanajaa masega mwezi baada ya mwezi. Kuthibitisha ni rahisi. Endesha dakika 15 barabara ikiwa wazi, tazama joto la maji kwenye skana: lisimame kati ya 80 na 95. Likishuka chini ya 70 ukiwa kwenye kasi, themostati haipo au imeganda wazi. Rudisha inayofunguka kwa joto sahihi, 82 kwa Toyota nyingi, weka kipozaji badala ya maji matupu ya mfereji, kisha tibu kile kilichopandisha joto mwanzoni: rejeta iliyoziba, feni, au kifuniko kisichoshika presha.

Mafuta yakizidi kwa sababu nyingine, utayaona kwenye marekebisho ya mafuta yanayoandikwa STFT (ya muda mfupi) na LTFT (ya muda mrefu) kwenye skrini. Jumla yake ikiwa ndani ya asilimia 5 juu au chini, vizuri. Hadi 10 inavumilika. Ikishuka chini ya kutoa 10, kompyuta inajitahidi kupunguza petroli iliyozidi: tafuta injekta inayovuja, sensa ya hewa inayosoma vibaya, au presha ya pampu iliyopanda. Ikipanda juu ya kujumlisha 10, tafuta hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma, pampu dhaifu au kichujio kilichoziba.

Halafu oili. Oili ya injini ina fosforasi na zinki za kulinda vyuma, na zikifika kwenye masega hufunika platinamu kama sumu. Jaza oili hadi alama ya juu, andika kilomita, pima tena baada ya kilomita 1,000. Ikiwa umelazimika kuongeza nusu lita au zaidi, usinunue katalitiki kwanza. Anza na vali ya PCV (inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ukaungue), ni rahisi na wengi huisahau. Baada yake ni sili za vali na pete za pistoni. Injini za Toyota za 1ZZ-FE za mwanzo zinajulikana kwa pete zinazoganda na kula oili. Ukiwa nayo, lipangie hilo kabla ya lolote.

Maji yanayopotea bila kuvuja chini, na moshi mweupe usioisha, ni gasketi ya silinda hedi. Kemikali za kipozaji nazo huchafua masega na sensa. Silikoni ya kawaida ya kuzibia kwenye ekzosi au manifoldi hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo tumia iliyoandikwa kuwa salama kwa sensa. Na chunga pa kununulia petroli. Kuchanganya mafuta ya taa kulikuwa kumezoeleka kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Fundi akikuambia ni petroli yenye risasi, huyo amechelewa: iliondoka sokoni 2006.

Kusafisha, kutoa, au kubadilisha

Dawa za kumimina tangini zinaweza kupunguza masizi mepesi. Mwendo wa dakika 20 hadi 30 kwenye Thika Road alfajiri, gia ya chini kidogo, mizunguko karibu 3,000, hufanya kazi hiyo hiyo bure, mradi injini haimisi na katalitiki haijaziba. Hakuna dawa inayoondoa fosforasi wala kurudisha kauri iliyoyeyuka.

Kutoa masega sikushauri hata kidogo. Gari likiwa jepesi baada ya kutolewa, ni kwa sababu katalitiki ilikuwa imeziba; katalitiki nzima haibani injini ya kawaida kiasi cha kuhisi. Unabaki na taa inayowaka daima na kuficha hitilafu mpya, na kaboni monoksaidi inayowafikia walio nyuma yako kwenye foleni ya Jogoo Road, wakiwemo watoto wa shule ndani ya matatu. Kanuni za Ubora wa Hewa za Kenya zinaweka mipaka ya moshi wa magari. Vumbi la ile kauri na sufi inayoizunguka ni hatari kwa mapafu ya yule kijana anayeyavunja kwa nondo bila barakoa. Na masega hayo yana thamani: mara nyingi fundi anayekuhimiza uyatoe anajua atayauza wapi. Kifaa cha kuisogeza sensa ya nyuma ili kuidanganya kompyuta ni uongo uleule kwa njia nyingine.

Kwa wenye Nissan X-Trail ya T30 yenye injini ya QR, msingoje. Katalitiki yao ya kwanza iko kwenye manifoldi, na ikianza kumeguka vumbi lake la kauri huweza kuvutwa kurudi ndani ya silinda na kukwangua kuta. Ukisikia mlio au ukianza kuongeza oili, ifungue uitazame.

Ukienda kwenye maduka ya vipuri ya Grogan au Kirinyaga Road kutafuta ya eks-Japani (iliyotumika Japani), beba tochi. Chungulia pande zote mbili: vijitundu viwe wazi, vya rangi ya kijivu au kahawia hafifu. Nyeusi tititi yenye unyevu ni ya injini iliyokula oili. Uso unaong'aa au uliobonyea umeyeyuka. Tikisa, gonga, tafuta mstari wa kuchomelea. Ikiwa mpya ya kuchomelea, ilingane na ukubwa wa injini, kipenyo cha bomba na kiwango cha moshi cha gari lako. Iliyotengenezwa kwa Euro 2 ina madini machache na kwenye gari la Euro 4 itarudisha P0420 baada ya miezi michache. Ikae palepale ilipokuwa ya zamani. Ikisogezwa nyuma nusu mita, inachelewa kupata joto.

Kuifunga

1. Usiku wa kuamkia siku ya kazi, nyunyizia nati na sensa mafuta ya kupenyeza kutu. Acha ekzosi ipoe angalau saa nzima.
2. Inua gari, liweke juu ya stendi mbili imara na uzuie magurudumu ya nyuma. Jeki peke yake haitoshi kulala chini ya gari.
3. Toa waya hasi wa betri na uchomoe sensa zote, hasa kama kutakuwa na kuchomelea. Umeme wa mashine unaweza kuua kompyuta ya gari.
4. Fungua sensa kwa soketi ya 22 yenye mwanya wa waya. Ikikataa, rudisha waya wa betri, washa injini dakika mbili ipate uvuguvugu, zima, toa waya tena, jaribu upya.
5. Fungua nati za viungio, mara nyingi spana ya 14. Boliti iliyoliwa na kutu ikatwe na iwekwe mpya pamoja na springi yake. Gasketi zote ziwe mpya.
6. Fuata mshale ulio kwenye mtungi: unaelekea nyuma ya gari. Ning'iniza kwa mipira yake kwanza, kaza baadaye, ili bomba lisivutane.
7. Kaza boliti na sensa kwa Nm 40 hadi 45. Grisi ya kuzuia kutu iguse uzi wa sensa tu, kamwe si ncha yake.
8. Rudisha kinga za joto. Ukiegesha juu ya nyasi kavu bila kinga, moto ni jambo la dakika.

Rudisha sensa na waya wa betri, washa injini, iache taratibu dakika tano bila kukanyaga. Kisha 2,500 kwa dakika mbili, zima, iache ipoe kabisa, halafu kaza tena viungio. Ile sufi ya ndani hutanuka na kuushika mtungi katika joto hilo la kwanza. Ukiikimbiza mapema, kauri hubaki inacheza. Moshi kidogo na harufu ya kuungua siku ya kwanza ni kawaida.

Futa kodi, uendeshe siku kadhaa kwa kuchanganya foleni na mwendo wa kilomita 80 kwa saa usiobadilika wa dakika 15 hivi. Kwenye skana, kipengele cha katalitiki kitabadilika kutoka "haijakamilika" hadi "imekamilika". Taa isipowaka baada ya hapo, na sensa ya nyuma ikitulia juu ya 0.5, kazi imeisha. Ikirudi ndani ya wiki chache, usirudi dukani kugombana kabla hujapima tena oili, joto la maji na marekebisho ya mafuta. Na ile katalitiki ya zamani usiiache gereji. Ni mali yako; iuze mwenyewe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye leseni, na fedha zake zilipie gasketi na plagi.